Kahawa Kali ni Kahawa Gani?

Mtu akionja kahawa asiyoizoea, neno la kwanza kumtoka mara nyingi ni "kali". Nami nililitumia neno hilo kwa miaka bila kujiuliza limebeba mizigo mingapi. Jua ni kali, dawa ni kali, ndimu ni kali, pilipili ni kali, kisu ni kikali, na mbwa wa jirani naye ni mkali. Siku moja tulikaa watu watatu tukaonja kahawa iliyomiminwa kutoka birika moja, na sote tukakubaliana kwamba ni kali. Tulipoanza kuulizana kila mmoja anakusudia nini, ikabainika kwamba wa kwanza alikuwa akizungumzia uchungu, ule wa buni zilizokaangwa mpaka zikatoa mafuta. Wa pili alikuwa akizungumzia uzito, kwa maana ya unga mwingi katika maji machache. Na mimi nilikuwa nikizungumzia kitu kilichonijaza mate mdomoni kana kwamba nimelamba kipande cha ndimu. Tulikuwa tumekubaliana juu ya neno, na juu ya kahawa tulikuwa hatujaanza hata kuzungumza.

Nimeanza na kisa hicho kwa sababu mafunzo mengi ya uonjaji huanzia mahali pengine kabisa, yaani kwenye orodha ya matunda, maua na viungo ambavyo mwanafunzi anatakiwa avitafute kikombeni. Kwa maoni yangu huko ni kuezeka nyumba ambayo kuta zake hazijasimama. Kazi ya kwanza ya anayejifunza kuonja ni kulipasua neno kubwa kama "kali" likawa maneno madogo, kila moja likiwa dai ambalo mtu mwingine anaweza kulichukua, akalijaribu kwa ulimi na pua yake mwenyewe, kisha akasema ni kweli au si kweli. Maelezo ambayo hakuna awezaye kuyakanusha yanaweza kupendeza masikioni, lakini hayamwelezi msomaji chochote kuhusu kilichomo kikombeni.

Mpasuko wa kwanza, na ulio mgumu kuliko unavyodhaniwa, ni kati ya uchungu na uchachu. Katika daftari langu la zamani kuna ukurasa nilioandika "uchungu mwepesi wa limau". Ukurasa huo hunichekesha hadi leo, kwa kuwa maji ya limau si machungu. Nilichokuwa nikikionja ni asidi, na kwa kuwa sikuwa na pa kuiweka, niliitupia kwenye kapu la uchungu pamoja na kila kitu kilichonikera. Kosa hili si langu peke yangu. Ladha zote mbili ni za kuonya, zote humfanya mtu akunje uso, na kahawa huzileta kwa pamoja zikiwa zimefungwa katika harufu moja nzito.

Limau hilohilo linaweza kumfundisha mtu tofauti kwa dakika tano. Kamulia matone machache ya maji yake katika bilauri ya maji baridi, unywe kidogo, na uangalie kinachotokea: ladha inafika papo hapo, mate yanajaa, kisha inaondoka karibu kwa kasi ileile. Halafu kata kipande cha ile nyama nyeupe iliyo chini ya ganda, uitafune bila maji. Safari hii hakuna kitu mwanzoni. Uchungu unachelewa, unajitandaza taratibu kuelekea kooni, na ukishafika hauna haraka ya kuondoka. Tunda moja, masomo mawili. Akishayapata haya, mwonjaji hapaswi tena kujiuliza kahawa ni "kali" kiasi gani, bali kilichomkera kimefika lini na kimekaa kwa muda gani.

Nyuma ya tofauti hiyo ya mdomoni kuna tofauti ya kikemia. Uchachu wa kahawa hutokana na asidi kadhaa, zikiwemo ya sitriki, ambayo ndiyo asidi kuu ya limau, ya maliki, ambayo hupatikana kwa wingi katika tufaha, na ya asetiki, ambayo ndiyo inayoifanya siki kuwa siki. Uchungu nao watu wengi huuhusisha na kafeini, na kweli kafeini ni chungu, lakini sehemu yake katika uchungu wa kikombe ni ndogo. Ushahidi wa haraka ni kwamba kahawa iliyoondolewa kafeini bado ni chungu. Mwaka 2007 watafiti wa Ujerumani wakiongozwa na Thomas Hofmann walieleza kwamba wahusika wakubwa huzaliwa wakati wa kukaanga: asidi za klorojeniki zilizomo katika buni mbichi hugeuka kuwa laktoni zenye uchungu wa wastani, na moto ukiendelea laktoni hizo huvunjika na kuzaa kundi jingine liitwalo fenilindani, lenye uchungu mkavu unaong'ang'ania. Kwa hiyo mwonjaji anayesema "uchungu huu ni wa kukaanga sana" anatoa dai la kweli kuhusu historia ya buni, na dai hilo linaweza kuchunguzwa.

Hapa Kiswahili chenyewe kina jambo la kusema, na ni jambo ambalo tafsiri za haraka hulipita. Uchachu ni jina zuri, ila limetoka kwenye kitenzi "kuchacha", na kitu kilichochacha ni kitu kilichoharibika. Ukimwambia mtu kwamba kahawa yake ina uchachu mzuri, atakutazama kama umesema maziwa yake yameganda vizuri. Ulimwengu wa kahawa unaihesabu asidi safi kuwa sifa, na sisi tumerithi neno lenye harufu ya chakula cha jana. Lipo neno "ugwadu", ambalo kamusi hulipa maana ya ukali wa tunda, na kwa kazi hii lingefaa kabisa, isipokuwa mitaani limepata maana nyingine ambayo sitaieleza katika safu ya kahawa. Mimi nimeamua kubaki na uchachu na kuuongezea sifa: uchachu wa tunda, uchachu wa siki, uchachu wa maziwa. Ukiwa wa tunda ni pongezi; ukiwa wa siki pengine uchachushaji wa buni baada ya kuvunwa ulizidi kipimo shambani.

Upande mwingine lugha yetu imetangulia. Neno "ukakasi", ambalo siku hizi waandishi wa siasa wamelipora kiasi kwamba kila mkataba una ukakasi, ni neno la mdomoni tangu asili: ile hali ya ulimi na mashavu kukauka na kukwaruza kama mtu aliyeuma tunda bichi. Ukakasi si ladha. Ni mguso, na ndiyo maana mtu anaweza kuuhisi hata kwenye fizi, mahali ambapo hapana kiungo cha kuonjea. Chai ya rangi iliyoachwa na majani yake kwa robo saa itakuonyesha ukakasi na uchungu vikiwa pamoja, na zoezi zuri ni kuvitenga: meza, subiri, kisha pitisha ulimi juu ya meno ya mbele. Kinachokwaruza ni ukakasi, na kinachobaki kooni ni uchungu. Vilevile tunayo "chapwa" na "dufu" kwa kinywaji kisicho na kitu, na "kukolea" kwa kilichofikia kiwango chake. Haya ni maneno ya kazi, na mwonjaji anayeyaacha kwa sababu si ya kitaalamu anatupa zana zilizokwisha kunolewa.

Niseme kwa ufupi kuhusu ile ramani ya ulimi ambayo wengi tulichorewa shuleni, utamu mbele, uchungu nyuma, uchachu pembeni. Ilitokana na usomaji mbaya wa kazi ya Mjerumani David Hänig ya mwaka 1901, na Virginia Collings aliporudia vipimo mwaka 1974 alikuta tofauti za sehemu kwa sehemu ni ndogo mno. Ladha zote huonjwa ulimini kote. Anayejifunza asipoteze muda kuiviringisha kahawa kuelekea upande fulani.

Muda huo autumie puani. Ulimi hutambua ladha tano tu: utamu, chumvi, uchachu, uchungu na ile ladha ya mchuzi mzito iitwayo umami. Vingine vyote tunavyoviita ladha ya kahawa, kuanzia karanga hadi ua la yasmini, ni harufu. Harufu hiyo haipiti mbele ya pua. Inapanda kutoka nyuma ya koo wakati mtu anapotoa pumzi baada ya kumeza, na kwa sababu inafika wakati mdomo una kitu, ubongo huihesabu kuwa imetoka mdomoni. Jaribio lake halihitaji chombo. Bana pua, kunywa fundo la kahawa, ulizungushe mdomoni: utapata uchungu, uchachu, joto, uzito, basi. Achia pua huku ukitoa pumzi, na kahawa inaingia kama mtu aliyefungua mlango. Ndiyo sababu waonjaji hufyonza kahawa kutoka kwenye kijiko kwa kelele inayoudhi wageni. Wanaipasua iwe matone madogo ili mvuke wake uenee na kupanda juu haraka.

Pua ina aina zipatazo 400 za vipokezi vya harufu, familia ya jeni ambayo Linda Buck na Richard Axel waliieleza mwaka 1991 na kupewa Tuzo ya Nobel mwaka 2004. Kahawa iliyokaangwa nayo ina kemikali za harufu zaidi ya 800, ingawa zinazotawala harufu yake ni dazeni chache tu. Baadhi yake ni zilezile zilizomo katika vitu vingine tunavyovijua. Diasetili huipa siagi harufu yake na imo katika kahawa. Guayakoli imo katika moshi wa kuni na imo katika kahawa iliyokaangwa sana. Kwa hiyo mwonjaji anayetaja siagi au moshi huenda hafananishi tu. Huenda anaitambua molekuli ileile katika nyumba nyingine. Nalisisitiza hili kwa sababu wapo wanaodhani lugha ya uonjaji yote ni maigizo ya watu wenye fedha. Sehemu yake ni maigizo, nitafika huko, lakini msingi wake si hewa.

Utamu wa kahawa ndio mfano ulionifanya nianze kuiheshimu pua. Buni mbichi ya arabika ina sukari aina ya sukrosi kati ya asilimia 6 na 9 ya uzito wake, na karibu yote huteketea kwenye moto. Kinachobaki kikombeni hakitoshi kuonjwa na ulimi. Hata hivyo kila mwonjaji mzoefu atakuambia kwamba kahawa nzuri isiyotiwa chochote ina utamu, na mimi naungana naye. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba tunanusa: harufu za karameli, vanila na matunda yaliyoiva zimefungamana katika kumbukumbu zetu na sukari, na ubongo hukamilisha hesabu. Bana pua tena unywe kahawa unayoiita tamu, na utamu huo unapungua au unatoweka. Mtu akikubishia kwamba kahawa yako haina utamu, huenda nyote wawili mko sahihi, ila mmoja ana mafua.

Kwa nini basi harufu, ambayo ni sehemu kubwa ya kahawa, ndiyo inayotushinda kuitaja? Mwaka 1977 wanasaikolojia Harry Lawless na Trygg Engen waliipa jina hali ambayo kila mwonjaji anaijua: una uhakika umekutana na harufu hii, unakaribia kuiona, na jina haliji. Tofauti na neno lililokwama ncha ya ulimi, ambalo angalau unaikumbuka herufi yake ya kwanza, harufu iliyokwama haikupi hata herufi. Lugha nyingi za dunia zina majina mengi ya rangi na machache sana ya harufu. Tunaazima jina la kitu, tukisema harufu ya moshi, harufu ya udongo. Lakini si lazima iwe hivyo. Asifa Majid na Niclas Burenhult walionyesha mwaka 2014 kwamba Wajahai, jamii ya wawindaji na wakusanyaji wa misitu ya Rasi ya Malay, huzitaja harufu kwa wepesi uleule wanaotajia rangi. Wana zaidi ya maneno kumi ya harufu yasiyoazimwa kutoka kwenye kitu chochote; mojawapo hutumika kwa petroli, moshi na kinyesi cha popo kwa pamoja, kwa sababu kwao kuna kitu kimoja kinachoziunganisha.

Kiswahili hakiko mbali na Wajahai kama tunavyofikiri. Kitenzi chenyewe kinatuuliza maoni kabla hatujanusa vizuri: kitu ama kinanuka ama kinanukia, na herufi moja imekwisha kutoa hukumu. Kisha tunayo shombo na vumba, uvundo, kikwapa, maneno yanayotaja harufu yenyewe. Tazama, hata hivyo, kwamba yote niliyoyataja ni ya vibaya. Tumejaliwa msamiati wa kukataa. Hii inaeleza jambo ambalo nimeliona mara nyingi kwa wanaoanza: wanaeleza kasoro za kahawa kwa usahihi wa kushangaza na sifa zake kwa kigugumizi. Mwanafunzi atakuambia bila kusita kwamba kikombe hiki kinanuka gunia lililolowa, kile kina ukungu, kile kina harufu ya kiazi kibichi, na yote hayo huwa kweli. Harufu ya kiazi ni kasoro inayojulikana sana katika kahawa za Rwanda na Burundi na husababishwa na kemikali ya kundi la pirazini. Mwulize kilicho kizuri katika kikombe cha nne, naye atakuambia kwamba ni kizuri.

Kwa pengo hilo ndipo lilipoletwa gurudumu la ladha. La kwanza la kahawa lilichapishwa na chama cha kahawa cha Marekani mwaka 1995, na mwaka 2016 likatengenezwa upya kwa kutumia kamusi ya ladha ya World Coffee Research, shirika la utafiti wa kahawa, iliyoandaliwa na waonjaji waliofunzwa katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Kansas. Ni duara lenye maneno mapana katikati, kama vile "tunda" au "maua", na maneno mahususi pembezoni. Watu wengi hulitazama kutoka nje kuingia ndani, wakisaka neno zuri. Linapaswa kusomwa kinyume chake. Unaanzia katikati, unajiuliza kama ni tunda au si tunda, kisha kama ni tunda bichi au lililokauka, na unaposhindwa kuendelea unasimama hapo bila aibu.

Sehemu muhimu zaidi ya kazi ile, kwa maoni yangu, si duara lenyewe linalobandikwa ukutani, ni kamusi iliyo nyuma yake, ambayo ni wachache wanaoifungua. Kila neno ndani yake limeambatanishwa na kitu halisi cha kunusa au kuonja, kilichotayarishwa kwa namna iliyoelezwa, na kupewa nguvu kwenye kipimo cha 0 hadi 15. Waonjaji wawili wakitofautiana kuhusu "limau", hawabishani, wanaleta limau. Ubora wa utaratibu huu ni kwamba neno halina mwenyewe. Udhaifu wake ni kwamba vitu hivyo vilitoka kwenye maduka ya watu waliovichagua. Mtu asiyewahi kula forosadi akiandika forosadi kwa sababu gurudumu limemruhusu, amenakili, hajaonja. Afadhali aandike tunda analolijua, hata kama halimo katika duara, mradi ampelekee mwenzake tunda hilo na wote wawili walinuse.

Ndiyo maana siyaamini sana maneno matatu yanayochapwa kwenye pakiti za kahawa. Hayakuandikwa kwa nia mbaya. Yameandikwa na mtu aliyeonja kwa uangalifu, mezani pake, kwa maji yake, siku chache baada ya kukaanga, kisha yamewekwa mbele ya mnunuzi kabla hajaonja, na hapo ndipo tatizo linapoanza. Mwaka 2001 watafiti wa Bordeaux, Ufaransa, walichapisha jaribio ambapo wanafunzi 54 wa elimu ya mvinyo walipewa mvinyo mweupe uliotiwa rangi nyekundu isiyo na ladha. Waliueleza kwa maneno ya mvinyo mwekundu. Hawakuwa wajinga, walikuwa wanafunzi wa fani hiyohiyo. Macho yao yaliwatangulia puani. Pakiti hufanya kazi ya rangi ile. Ukisoma "chokoleti" kabla ya kunywa, chokoleti utaipata.

Dawa ya hili ni kuonja bila kujua, na zoezi ninalolithamini kuliko yote ni la vikombe vitatu. Mtu mwingine anakuwekea vikombe vitatu vinavyofanana, viwili vikiwa na kahawa moja na kimoja kikiwa na nyingine, nawe unatafuta kilicho tofauti. Huhitaji kusema neno lolote. Mashindano ya dunia ya waonjaji kahawa yanafuata mtindo huo: seti 8 za vikombe vitatu na dakika 8 za kumaliza. Uzuri wake ni kwamba bahati ina bei inayojulikana. Anayebahatisha hupata wastani wa seti moja katika kila tatu. Kupata 6 au zaidi kati ya 8 kwa bahati tupu hutokea takriban mara 2 katika majaribio 100, na kuzipata zote 8 ni mara 1 katika 6,561. Mara ya kwanza nilipata 3, yaani kiasi kilekile ambacho kipofu wa ladha angepata kwa kurusha dadu, na kabla ya hapo nilikuwa tayari nimeandika kurasa nyingi za maelezo yenye yasmini na asali. Hakuna somo lililonishusha mabega kama hilo.

Utaratibu wa meza ya kuonjea umebuniwa kwa ajili ya kulinganisha hivyohivyo, na ukiuelewa kama ibada utaukosa. Gramu 8.25 za unga kwa mililita 150 za maji, maji yakiwa na nyuzijoto 93 hivi; unga unaachwa uelee, baada ya dakika nne utando wake unavunjwa kwa kijiko huku pua ikiwa karibu, mabaki yanaenguliwa, na kuonja kunaanza kahawa inapopoa hadi nyuzi 70 hivi. Hakuna karatasi ya kuchujia wala mkono wa mtayarishaji, ili tofauti yoyote itakayoonekana iwe ya buni. Jambo ambalo wanaoanza hulipuuza ni kurudi. Kikombe kilekile kinapaswa kuonjwa kikiwa cha moto, kikiwa vuguvugu na kikiwa kimepoa kabisa, kwa kuwa moto huficha mengi. Kahawa nyingi nzuri huwa hazina la kusema hadi zipoe kidogo, na kahawa zenye kasoro hujifichua zikiwa baridi, kama uongo ulioachwa ukalala.

Kuna pingamizi moja dhidi ya yote niliyoyasema ambalo sitaki kulikwepa, kwa sababu ni zito. Mwaka 1996 Joseph Melcher na Jonathan Schooler walionyesha kwamba kueleza kwa maneno kunaweza kuharibu kumbukumbu ya ladha. Walipowataka wanywaji wa mvinyo waeleze walichoonja kisha wakitambue tena, waliodhurika walikuwa wale wa katikati: watu waliokuwa wamekunywa vya kutosha kutofautisha mvinyo, lakini hawakuwa wamefunzwa lugha yake. Wasiojua chochote hawakudhurika, na wataalamu hawakudhurika. Kwa maneno mengine, ulimi ukiutangulia msamiati, kulazimisha maneno kunauvuruga ulimi. Nalichukua hili kuwa onyo kwa walimu kuliko kwa wanafunzi. Anayetofautisha vikombe vitatu lakini hana maneno aachwe aonje kimya kwa muda, na maneno aletewe moja moja, kila moja likiwa na kitu chake cha kunusa mkononi.

Swali la mwisho linalowagonganisha waonjaji ni kama kueleza na kupenda ni kazi moja. Fomu ya kutolea alama za kahawa iliyotawala tangu mwaka 2004 ilikuwa na vipengele kumi na jumla ya alama 100, na kahawa iliyofikia 80 ikahesabiwa kuwa ya daraja maalumu. Ndani ya alama moja ya "uchachu" mwonjaji alitakiwa achanganye uchachu ulivyo na kama ameupenda. Mwaka 2023 Specialty Coffee Association, chama cha kahawa ya daraja hilo, ilianza kutoa mfumo mpya unaotenga karatasi ya maelezo na karatasi ya hukumu, na nadhani ulichelewa sana. Mtu ana haki ya kutopenda kahawa yenye uchachu mwingi. Hana haki ya kuandika kwamba hauna. Wanaolalamika kwamba mfumo huu unaongeza karatasi wanasema kweli, lakini karatasi ile moja ilikuwa ikificha mabishano mengi chini ya namba nadhifu.

Karatasi yangu ya juzi ina mistari mitatu. Moto: mkate uliobanikwa, uchungu kidogo unaochelewa, uzito wa kati. Vuguvugu: uchachu umejitokeza, wa tufaha kuliko wa limau, utamu. Baridi: ukakasi kidogo kwenye meno, uchachu umetulia, na kitu cha nne ambacho sikukipata jina. Mwenzangu, aliyekuwa ameonja kahawa hiyohiyo bila kuiona karatasi yangu, alikuwa ameandika "zabibu kavu" mahali hapo. Mara tu aliponiambia nikazionja, waziwazi, na kwa sababu hiyohiyo nikajishuku. Tulitafuta zabibu kavu, tukaziloweka katika maji ya moto, tukavinusa vyote viwili kwa zamu huku tumefumba macho, kikombe kisha bakuli, bakuli kisha kikombe. Undugu ulikuwapo, lakini wa mbali. Tukalifuta neno lake, tukaandika "tunda lililokauka", tukasogeza kikombe cha pili.